Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wauguzi Wastaafu

Ndugu wanachama, asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo.

Shughuli za kawaida nitazipitia haraka, maana mlikuwepo au mlitakiwa muwepo. Tumezika wenzetu wawili, tumepima presha na sukari sokoni mara tatu, na mashine ya presha iliyokuwa ikigoma imetengenezwa. Wanachama 74, waliolipa ada kamili 29. Zimeingia shilingi 1,310,000, zimetoka 1,285,000. Mweka hazina atafafanua.

Sasa kijitabu nilichoandika kuhusu Dokta Muthulakshmi Reddy wa India. Najua ndicho kilichowaleta baadhi yenu leo.

Msibani nilisikia kwa masikio yangu kwamba mwenyekiti kachukua 380,000 za chama kumchapishia "Mhindi aliyekufa 1968". Kwanza, kamati iliidhinisha na muhtasari upo. Pili, kukiandika hakukugharimu chama hata senti. Nilikiandika mwenyewe, usiku, miezi minne, na macho yangu mnayajua. Kilicholipiwa ni uchapaji tu, nakala 150.

Tatu, mmeuliza Dokta Muthulakshmi Reddy anatuhusu nini. Nani humu hajawahi kuchangia nauli ya mgonjwa wa kwenda Chennai, India? Mji huo ulipokuwa ukiitwa Madras, ndiko alikohitimu udaktari mwaka 1912, wakati binti kusoma tu lilikuwa jambo la ugomvi. Kwao Pudukkottai aliingia chuo cha wavulana kwa idhini ya mfalme mwenyewe, wazazi wa wavulana wakinung'unika. Alipoposwa na daktari mwenzake alitoa sharti la kuheshimiwa kama mtu aliye sawa na mumewe, na ndoa ikafungwa 1914.

Angeweza kutulia na wagonjwa wake. Mwaka 1927 akaingia Baraza la Kutunga Sheria la Madras, akachaguliwa naibu rais wa baraza. Humo akaanza kupigania wasichana waliokuwa wakiwekwa wakfu hekaluni wangali wadogo, wasiolewe, na wengi wakaishia kutumiwa na wanaume wenye fedha. Mama yake mzazi alitoka katika jamii ya wasichana hao, kwa hiyo hakuwa anasimulia habari za jirani. Alitukanwa, akaambiwa anavunja mila. Sheria ya kupiga marufuku jambo hilo ilipita 1947, yeye akiwa ameshajiuzulu tangu 1930 kupinga kukamatwa kwa Gandhi. Sijilinganishi naye, lakini miaka yote hiyo mtu asubiri, na ninyi hata miezi miwili hamkunipa.

Ukurasa wa 9 ndio ninaoutaka msome. Wasichana wachache waliokimbia maisha ya hekalu walimgongea mlango, mabweni yamewakataa kwa sababu ya asili yao. Akawaingiza ndani ya nyumba yake. Hapo ndipo ilipoanzia Avvai Home, makao ya wasichana pale Adyar, mtaa wa Chennai. Sisi tuliofanya kazi wodini tunaujua ugumu wa mlango kama huo: ukifungua, umeshajitwisha.

Kabla ya hayo mdogo wake alikuwa amekufa kwa saratani. Fikra ya hospitali ikamkaa miaka mingi, hadi Taasisi ya Saratani ya Adyar ikafunguliwa 1954, na vitanda 12. Vitanda kumi na viwili! Wodi yangu ya zamani ilikuwa na zaidi.

Siku ya mhadhara wangu kuhusu kijitabu niliagiza chai na vitumbua vya watu 60. Walikuja 11, wawili kati yao ni wajukuu zangu. Mwanachama mmoja, simtaji, alipita barabarani na mkoba wake, akachungulia dirishani, akaendelea na safari. Vitumbua vilikwenda kwa watoto wa madrasa ya jirani. Hasara hiyo nayo ni ya mwenyekiti?

Kuhusu mwaka ujao, tuna matumaini ya kuanzisha siku ya kuhamasisha uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, iwapo fedha zitapatikana na iwapo watu watatokea.

Mweka hazina amekaa pale mlangoni na kitabu cha stakabadhi. Vijitabu vimebaki 118. Atakayelipa ada leo atapewa kimoja bure, na asiyekihitaji akirudishe, akishakisoma.

Naomba kuwasilisha.