Kaka, hela ya geti situmi

Tumsifu Yesu Kristo, Kaka, na shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake kabla hujamsomea barua hii, na ukifika kwenye habari za geti usiruke.

Ukuta umekwisha, hongera. Sasa unataka geti la chuma. Ila habari ya Mama Pacha hukuigusa kabisa, nimeipata kwa katibu wa jumuiya. Eti chumba cha uani amepewa mtumishi aliyehamia na wizara yake, kodi ya miezi sita mkononi, na mjane wa ndugu yetu kabebeshwa godoro na wanawe mpaka Nkuhungu, kwa watu! Tangu serikali ihamie Dodoma kila uani ni dili, hilo najua. Lakini chumba kile Baba alikijengea wageni. Watu wa Bahi walipokuja na njaa walilala mle, wakala ugali wa uwele na mlenda, na hakuna aliyeulizwa anaondoka lini. Maji ya kunawa ulikuwa unawapelekea wewe.

Mimi sijambo, kazi ni ileile ya kutunza wazee. Siku ya mapumziko naenda East First Street, hapa New York, kwa watu wa Catholic Worker, Wakatoliki wanaohudumia maskini. Dorothy Day na Peter Maurin walianza mwaka 1933, Marekani ikiwa imejaa wasio na kazi: gazeti la senti moja, na mpaka leo bei ni hiyohiyo, pamoja na nyumba za kupokea anayebisha hodi. Maurin alitaka kila Mkristo atenge nyumbani kwake chumba cha Kristo, yaani cha mgeni asiye na pa kulala. Umesikia, Kaka? Chumba cha uani.

Sufuria la supu wananiachia mimi. Wenzangu wanakoroga kwa mkono mmoja, mimi nakamata mwiko kwa miwili kama wapishi wa msibani, na haishiki chini. Kuna mzee huchukua vipande viwili vya mkate; kimoja anakila, cha pili anakifunga kwenye karatasi na kukitia mfuko wa ndani wa koti. Hakuna anayemuuliza.

Na supu haikumtosha yule mama, Dorothy Day. Mwaka 1973, ana miaka 75, alikamatwa California pamoja na vibarua wa mashamba ya zabibu waliogoma. Zabibu, kama hizo za Hombolo!

Usiniambie ni mambo ya Wazungu. Oktoba 1970 Mwalimu alikuja Maryknoll, hapahapa jimbo la New York, akawaambia masista kwamba Kanisa lisipopambana na mifumo inayowaweka watu katika umaskini, litakosa maana kwao. Mwaka huohuo Dorothy Day alifika Tanzania.

Basi, hela ya geti situmi. Ya bati za jiko nimeituma, kwenye simu ya Mama. Mtumishi arudishiwe kodi yake, pengo nitaliziba mimi. Ukikasirika, wewe ni mkubwa, tutayamaliza nikija, ila Mama Pacha arudi kabla ya mvua.

Mtoto wa Mama Mdogo akisafiri mfungieni mlenda mkavu, mwingi. Ule wa mwanzo niliwapikia wenzangu wa supu, wakausukuma pembeni. Washamba.

Ni mimi mdogo wako.