Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kutoka Karakana Hadi Dukani

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wabunifu,

Habari za kazi. Katiba yetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa kabla ya Mkutano Mkuu, ili mje mmeshaisoma na maswali mnayo mkononi. Mahesabu atayasoma mweka hazina, na kumbukumbu za vikao anazo katibu, kwa hiyo huko sitaingia. Mimi nitasema juu ya jambo lililotuumiza kichwa mwaka mzima: kwa nini karakana zetu zimejaa vitu vizuri, na madukani havionekani.

Mwanachama mpya akijiunga, swali lake la kwanza huwa lile lile: "Nitafanyaje wazo langu lisiibiwe?" Ni swali la haki. Lakini mwaka huu kamati ilibadili utaratibu wa kikao cha kila mwezi. Anayeleta kifaa mezani, kabla hatujagusa habari za hataza, yaani haki ya kisheria ya kulinda uvumbuzi, anaulizwa nani atakinunua cha pili, kwa bei gani, na kikiharibika mnunuzi akipeleke wapi. Tunauliza cha pili kwa sababu cha kwanza mara nyingi kinanunuliwa na shemeji.

Wapo waliochukia. Tuliambiwa tunawakatisha watu tamaa, na kwamba chama cha wabunifu kimegeuka baraza la wafanyabiashara. Malalamiko nimeyasikia, na utaratibu nimeuacha kama ulivyo. Nitoe mfano mmoja, kwa ruhusa ya mwenyewe, bila kumtaja jina.

Mwenzetu huyu anatengeneza mashine ya kupukuchua mahindi. Wateja wake wako Kibaigwa na vijiji vya Kongwa, mkoani Dodoma. Mashine ni nzuri, haivunji punje, na inakula mafuta kidogo. Alikuwa akiiuza shilingi 550,000 na kwa hesabu zake anabaki na faida ya 140,000: vyuma na mabati 290,000, beringi, mkanda na bolti 85,000, rangi na fimbo za kuchomelea 35,000. Tukamuuliza mashine moja inachukua siku ngapi. Akasema nne, yeye na kijana wake. Kijana analipwa 10,000 kwa siku. Na wewe unajilipa ngapi? Akanyamaza. Tukamwekea 25,000 kwa siku, ambayo fundi wa kiwango chake angeidai bila aibu akiitwa kazi kwenye karakana za Gerezani, Dar es Salaam. Tukaongeza 30,000 za pango la karakana na umeme. Jumla ikafika 580,000. Kila mashine iliyotoka getini ilikuwa inaondoka na 30,000 ya mfukoni mwake, na hapo haijapakiwa hata kwenye gari.

Tukaendelea. Mwenye duka la zana Kibaigwa alikubali kuiweka dukani kwake kwa asilimia 15 ya bei. Usafiri 30,000. Akiba ya kutengeneza zitakazorudi ndani ya muda wa dhamana 20,000. Faida, tuseme 70,000. Bei ikapita 820,000, na kwa bei hiyo mkulima anaondoka bila kuaga.

Wengi wetu tukifika hapa tunaanza kulaumu bidhaa za China. Yeye alirudi karakana, na alichokifanya ndicho ningependa kila mmoja wetu akitazame kwa makini. Siku zote alikuwa anapima kwa futi na kutoboa kwa jicho, kisha anasaga kwa grainda mpaka shafti ikae sawa. Kwa hiyo kila mashine ilikuwa na vipimo vyake yenyewe. Kipuri cha mashine ya Kongwa hakiingii kwenye mashine ya Kibaigwa, na mteja akipiga simu ni lazima fundi apande basi na grainda yake. Safari hii akakata bamba la chuma la milimita 10, akalitoboa matundu ya mahali pa beringi mara moja kwa uangalifu wote, akalifanya kiolezo. Sasa analibana kwenye fremu kwa klampu na drili inafuata matundu yale yale kila mara. Akatengeneza kiolezo kingine cha kukatia miguu, na engo za miguu akazipunguza unene baada ya kuona kwamba zile za zamani zingeweza kubeba tingatinga.

Siku nne zikawa mbili, kwa hiyo malipo ya kazi na fungu la pango na umeme vikapungua nusu. Vyuma vikapungua kwa 60,000. Gharama ya kutoka getini ikashuka hadi 435,000, na mashine inauzwa 650,000, ndani yake mkiwa na fungu la mwenye duka, usafiri, akiba ya dhamana na faida isiyopungua 67,000 baada ya yeye mwenyewe kujilipa. Beringi ikifa, anatuma nyingine kwa basi pamoja na kibanio chake, na mteja anaifunga mwenyewe kwa spana namba 17. Hakugundua kitu kipya hata kimoja mwaka huu, na kwa maoni yangu ndiye aliyefanya kazi kubwa kuliko sisi sote.

Sasa nije kwenye hataza, maana najua kuna watakaosema mwenyekiti anaidharau. Siidharau. Ninachokataa ni kuikimbilia kabla hujajua unalinda nini. Hataza hutolewa kwa kitu kipya, chenye hatua ya ubunifu ambayo fundi wa kawaida asingeifikia kirahisi, na kinachoweza kutengenezwa viwandani. Kama kimeshachapishwa popote duniani, si kipya, hata kama Tanzania nzima hakuna aliyewahi kukiona. Kwa hiyo kabla ya kulipia chochote, kaa na simu yako jioni mbili tatu utafute kwenye Espacenet na Patentscope, tovuti zenye kumbukumbu za hataza za dunia. Ni bure. Faida yake nyingine watu huisahau: utakutana na michoro ya hataza zilizokwisha muda, au ambazo hazikuombewa ulinzi hapa kwetu. Hizo unaruhusiwa kuzitumia hapa nchini, na nyingine zitakuokolea miaka ya kujaribu na kukosea. Ila ukitaka kuuza nje, angalia kwanza kama bado ziko hai kule unakokwenda.

Ukiona kitu chako kweli ni kipya, peleka maombi BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwanza, ndipo ukionyeshe. Mpangilio huu hauna njia ya mkato. Mwaka huu tumemwona mwenzetu akiweka video ya kifaa chake TikTok, kikizunguka, kifuniko kikiwa wazi na gia zote zinaonekana, halafu mwezi uliofuata anatuomba tumsaidie kujaza fomu ya hataza. Video ile ilikuwa imeshatazamwa mpaka na watu wa nje. Vivyo hivyo kwa maonyesho ya Sabasaba: ukiwa hujawasilisha maombi, onyesha kazi ambayo kifaa kinafanya na ufunike kinavyoifanya. Ukikaa na mtu mmoja anayetaka kuwekeza, mwekeane saini mkataba wa kutunza siri. Baada ya kuwasilisha, una miezi 12 ya kuomba nchi nyingine ukihesabiwa tarehe ile ile ya kwanza, kwa Mkataba wa Paris. Wanaolenga soko la Afrika wanaweza kupitia ARIPO, shirika la kikanda la hakimiliki za ubunifu kule Harare, ambako ombi moja hutaja nchi wanachama kadhaa. Na kumbukeni kwamba hataza ina ada ya kila mwaka. Usipolipa, inakufa.

Kwa wengi wetu, nasema waziwazi, hataza si hitaji la kwanza. Jiko la bati lenye udongo ndani lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, na wenyewe walichukua mfano kwenye jiko la Thailand, halikuenea kwa nguvu ya hataza. Mafundi wa jua kali walilinakili, wakalishusha bei, likaingia nyumba nyingi. Kama chako ni cha namna hiyo, kitanakiliwa tu, na utakachobaki nacho ni jina. Basi sajili jina. Hapa nisikilizwe vizuri, kwa sababu kosa hili linarudiwa kila mwaka: kusajili jina la biashara BRELA hakukupi alama ya biashara. Ni maombi mawili tofauti. Alama ya biashara Tanzania Bara hulindwa miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara, na haivuki bahari. Anayeuza Unguja na Pemba asajili pia kwa wakala wa usajili wa Zanzibar.

Kuna pia njia ya kumpa mwenye kiwanda haki ya kutengeneza, wewe ukapokea mrabaha, yaani malipo ya kutumia wazo lako. Wazee wa chama wanaipenda kwa sababu haihitaji mtaji. Ni njia nzuri, ila someni habari za Mwingereza Trevor Baylis. Aliona kwenye televisheni kipindi kuhusu UKIMWI Afrika, akafikiria watu wasio na umeme wala pesa za betri watapataje habari, akatengeneza redio ya kuzungusha kwa mkono. Makampuni yakamkataa moja baada ya jingine, mpaka alipoonekana kwenye kipindi cha BBC mwaka 1994. Redio zikaanza kutengenezwa Cape Town na zikauzwa kwelikweli. Alifariki mwaka 2018, na kabla ya hapo alishasema hadharani kwamba pesa iliyomfikia ilikuwa kidogo mno. Muundo ulibadilishwa, nguvu ya mkono ikawa inachaji betri badala ya kukaza springi kama alivyoandika yeye kwenye hataza, na ulinzi wake ukapitwa pembeni.

Kwa hiyo mkataba wako useme kwamba maboresho yoyote ya kifaa yamo ndani ya makubaliano. Useme mrabaha unahesabiwa kwenye bei ya kutoka kiwandani. Ukikubali uhesabiwe kwenye faida, jiandae kuambiwa kila mwaka kwamba faida haikuwepo. Uwe na kiwango cha chini cha malipo kwa mwaka, na kifungu cha kurudishiwa haki zako kama hawajatengeneza chochote ndani ya muda mliopatana. Asiyeandika vifungu hivyo kifaa chake kinaweza kuwekwa kabatini ili kisimsumbue mwenye kiwanda.

Wengine shida yenu ni kwamba kifaa ni kizuri lakini mwenye kukihitaji hana pesa ya kukinunua kwa mkupuo. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, aliyeshinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2015 kwa chujio lake la maji, alikutana na hilo. Kaya isiyoweza kununua chujio inanunua maji yaliyochujwa, kwenye kituo kinachoendeshwa na mjasiriamali wa hapo hapo. Aliyebaki na chujio ni mwenye kituo, na pesa yake inarudi kidogo kidogo. Wenye mashine za kukaushia mboga na matunda, nawaomba mlifikirie hili kabla hamjaanza kuomba wafadhili wagawe mashine zenu bure.

Kuhusu TBS, shirika la viwango, mjasiriamali mdogo anaanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuchukua barua ya utambulisho, na hapo anapata nafuu ya gharama za alama ya ubora. Nendeni mapema, mkiwa na sampuli, kabla hamjanunua malighafi ya kutengeneza vitu mia. Chuma kinachogusa chakula kikikataliwa, vyote mia vimekataliwa. Wanaotaka kuingia supamaketi watahitaji msimbomilia, ule unaoanza na 620.

Tahadhari moja, halafu niingie kwenye mambo ya chama. Wanachama kadhaa wamepokea barua pepe zinazowapongeza kwa "tuzo ya kimataifa ya uvumbuzi" ambayo hawakuiomba, wakitakiwa kulipa ada ya cheti na ya kushiriki hafla. Nyingine zinaahidi kukutafutia viwanda vya Ulaya ukitanguliza malipo. Kiwanda kinachokitaka kifaa chako hakikutozi wewe. Msitume pesa, na msitume michoro. Mashindano ya kweli yapo, MAKISATU, ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, yakiwemo tangu 2019, na nawahimiza vijana washiriki. Faida yake ni kukutana na watu. Cheti kinapendeza ukutani lakini mteja hakiulizii.

Mwaka ujao kamati inapendekeza mambo mawili. La kwanza ni kununua kwa pamoja. Kumi wetu tunanunua beringi za aina moja kwa rejareja, kila mtu na duka lake, wakati tungeweza kununua boksi kwa bei ya jumla. Katibu ameandaa orodha ya vipuri tunavyotumia kwa wingi, kila mmoja aipitie na kuongeza vyake. La pili ni wanachama wanaostahili, wanawake, vijana na wenye ulemavu, waunde vikundi mapema kwa ajili ya mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Mwaka huu tulichelewa kwa sababu vikundi vilianza kuundwa baada ya tangazo kutoka, na katiba ya kikundi haiandikwi usiku mmoja. Wasio na sifa za mkopo huo, tutazungumza mkutanoni juu ya mfuko wetu wenyewe, ingawa kwa mwendo wa ulipaji ada ulivyo sasa sioni utajazwa na nini.

Fomu za kugombea nafasi za kamati zinapatikana kwa katibu, na mwenye deni la ada hataweza kupiga kura mpaka alilipe. Atakayeleta kifaa cha kuonyesha afike kabla ya saa tatu asubuhi. Mlango wa ukumbi ni mwembamba, na mashine zikianza kuingizwa wakati mkutano unaendelea hatutasikilizana. Kinachotumia mota kije na waya wake wa kuongezea.

Mwenyekiti