Malalamiko: apdeti yenu ya tarehe imetuharibia risiti

Kwa uongozi wa kampuni mliotuuzia mfumo wa mikopo,

Habari za kazi. Mimi ni mhasibu wa chama cha kuweka na kukopa hapa Ngamiani, Tanga. Mwanzo tuliwapigia sisi wenyewe, maana mkopo wa nyumba wa miaka 15 unaoisha Septemba 2040 mfumo uliuandika unaisha Agosti 1904, enzi za Mjerumani reli haijafika hata Moshi, na mama wa watu anauza samaki pale Deep Sea akapigwa faini ya kuchelewa miaka 121. Sisi tulicheka, yeye hakucheka.

Fundi wenu alitueleza vizuri tu, kwamba mfumo unahesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa biti 32 (yaani vinafasi 32 vya 0 au 1), nafasi inajaa 19 Januari 2038 saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu, ikishajaa tarehe inarudi 1901. Dawa yake kupanua iwe biti 64. Hapo hatuna ugomvi.

Ugomvi ni mlivyopanua. Apdeti mmeweka kwenye kompyuta ya ofisini, programu ya risiti ya dirishani mkaiacha ile ile ya zamani, na zote zinasoma faili moja! Jumatatu mzee mmoja kalipa 85,000, risiti ikatoka jina sahihi, tarehe sahihi, kiasi 0. Akaigeuzageuza, akaniuliza "mwanangu, hela yangu iko wapi?" foleni nzima macho kwangu.

Mdogo wangu anasomea mambo haya, kafungua faili kaona. Zamani tarehe ilikaa baiti 4 (baiti moja ni biti 8) kisha kinafuata kiasi, sasa tarehe inakaa baiti 8, programu ya zamani inasoma 4 za mwanzo inaridhika, 4 zinazofuata ambazo kwa tarehe za leo ni sifuri tupu inadhani ndo hela. Debian, wale watengenezaji wa mfumo wa kompyuta wa Linux, walipohamisha tarehe za mashine za biti 32 zenye prosesa za ARM kwenda biti 64, laibrari (vipande vya programu vinavyotumiwa na programu nyingine) zilizoguswa waliziongezea t64 kwenye jina zisichanganywe na za zamani. Nyie hata namba ya toleo kwenye faili hamkuweka, programu ya watu ingejuaje?

Tunataka faili la zamani lirudi kwa ajili ya risiti (risiti ni za leo, 2038 haiwahusu), la biti 64 likae pembeni na jina lake mpaka mbadilishe na dirishani. Bili yenu ya matengenezo hatulipi kwanza. Risiti tunaandika kwa mkono, kitabu cha pili kinaisha kesho.