Kosa si mundu, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Ile makala yenu ya maasi ya Wapolandi na Walithuania dhidi ya utawala wa Urusi hujaisahau, maana mliipa kurasa mbili za katikati na mchoro wa rangi. Miaka mingi nimelisoma gazeti hili nikiguna tu pembeni. Safari hii nilipiga simu kwenye dawati lenu kueleza kwamba kile alichoshika mkulima mchoroni sicho, nikajibiwa: "Mundu ni mundu, mzee." Haya, tuanzie hapo.

Kwa Kipolandi kifaa kile kinaitwa kosa. Jina limewakaa. Mundu hushikwa kwa mkono mmoja, mtu kainama anavuna. Kosa hushikwa kwa mikono miwili, mtu kasimama, anapepea kulia kwenda kushoto kufyeka majani ya mifugo. Ubapa wake ni mwembamba, unakaribia urefu wa mkono wa mtu mzima, makali yako upande wa ndani wa upindo, na msuka wake, yaani kishina kinachoungana na mpini, umekunjwa ili ubapa utoke kando ya mpini kama herufi L. Kikiwa hivyo hakifai vitani, kwa sababu ncha inatazama pembeni. Kwa hiyo mhunzi hukichomoa, hutia motoni msuka peke yake, huukunjua mpaka ubapa usimame mstari mmoja na mpini, kisha huufunga kwa pete za chuma na kugongelea kabari usicheze. Mpini wa shambani wenye vishikio hutupwa, ukawekwa mti mnyoofu wa mita mbili hivi. Sasa una kitu cha kuchoma na cha kukata, kinachomfikia mwenye singe kabla yeye hajakufikia. Kazi huharibikia kwenye moto. Ukipanda hadi kwenye ubapa, chuma hupoteza ugumu na makali hujikunja kwenye pigo la kwanza. Msuka ukikunjuliwa ungali baridi, hupata ufa usioonekana, ukakatika siku ya vita. Pete zikilegea, ubapa hugeuka na pigo linatua kwa bapa.

Mchoraji wenu, badala ya haya yote, kaweka mundu uleule wa kwenye bendera ya Wasovieti. Na makala yenyewe mmeianzia kwenye makaburi ya Wapolandi pale Tengeru, Arusha! Wale walitoka katika watu waliosombwa na Wasovieti kuanzia 1940 kupelekwa Siberia na Kazakhstan, wakatokea Iran, wakaletwa Tanganyika kuanzia 1942. Kuwachorea mundu ule ni kumpelekea mfiwa picha ya muuaji.

Tuache mchoro. Kilichoniudhi zaidi ni kuchukua maasi matatu, ya 1794, 1830 na 1863, mkayapika chungu kimoja. Tarehe 4 Aprili 1794 pale Racławice, Tadeusz Kościuszko, kiongozi wa maasi ya kwanza, aliwatuma wakulima wapatao 320, kila mmoja na kosa lake lililokunjuliwa, waivamie mizinga ya Warusi, wakaiteka. Inasimuliwa kwamba mmoja wao, Bartosz Głowacki, alizima utambi wa mzinga kwa kofia yake. Ninyi mmeandika kwamba "uzalendo ulishinda baruti". Bunduki za wakati ule zilikuwa na mtutu laini ndani. Kupita mita mia moja askari alipiga kwa kubahatisha, na kushindilia risasi ya pili kulimchukua kama theluthi ya dakika. Mtu anayekimbia huzimaliza mita mia moja kwa muda huohuo. Hiyo ndiyo hesabu iliyoshinda Racławice, na hata hivyo Oktoba mwaka uleule Kościuszko alitekwa Maciejowice, na 1795 nchi ikagawanywa ikaisha.

Kisha mkaruka hadi 1863 kwa sentensi moja, "vivyo hivyo". Vivyo hivyo vipi? Miaka 69 imepita! Mrusi wa 1863 ana bunduki yenye mifereji ndani ya mtutu, inayoua kwa umbali wa mita mia kadhaa. Silaha ya mkulima ni kosa lilelile, ila sasa anatakiwa kukimbia dakika mbili tatu huku anapigwa. Mmesema waasi "walikosa mpango". Mpango ulikuwepo, ila walilazimishwa kuuanza kabla ya wakati. Aleksander Wielopolski, Mpolandi aliyeongoza serikali ya kiraia chini ya mfalme wa Urusi, aliamua vijana wa mijini waingizwe jeshini kwa orodha ya majina badala ya kura ya bahati, ili awanase wakorofi wote kwa mkupuo. Msako ulifanyika Warsaw usiku wa kuamkia 15 Januari. Waliobaki wakawa na njia mbili, kambini kwa Mrusi au msituni kwenye theluji, na tarehe 22 Januari wakatangaza maasi, mikononi wana bunduki za kuwindia sungura ambazo kila moja ina tundu lake, risasi ya huyu haiingii kwa yule. Februari, Prussia, ufalme jirani wa Wajerumani, ikakubaliana na Urusi kuwabana mpakani. Meli ya silaha, Ward Jackson, ilizuiwa Malmö, Sweden. Zygmunt Sierakowski, ofisa wa makao makuu ya jeshi la Urusi aliyehamia upande wa waasi, alikuwa akielekea kaskazini mwa Lithuania na watu wake kuzisubiri silaha hizo. Walivunjwa karibu na Biržai tarehe 7 hadi 9 Mei, naye akatekwa akiwa na jeraha. Na bado Romuald Traugutt, kwa jina la bandia, aliendesha kutoka Warsaw serikali ya siri yenye muhuri, kodi na posta yake, hadi alipokamatwa Aprili 1864 na kunyongwa Agosti. Huo ni ukata, si kukosa mpango, Mhariri. Mnalitumia neno hilo kwa kila aliyeshindwa.

Hata ahadi ya ardhi hamkuigusa. Waasi waliwatangazia wakulima umiliki wa mashamba siku ileile ya kwanza. Machi 1864 mfalme wa Urusi akatoa amri yake ya kuwapa ardhi, na msitu ukakosa wa kuulisha.

Maasi ya kati, ya Novemba 1830, mmeyatumia kama ghala la vipuri. Yale yalipiganwa na jeshi halisi la Ufalme wa Polandi, lenye sare na mizinga. Emilia Plater, mwanamke aliyepigana upande wa waasi, ni wa huko. Ninyi mmemweka msituni 1863, wakati alifariki Desemba 1831.

Sierakowski naye mmemnyonga mara mbili, 15 Juni ukurasa wa kushoto na 27 Juni wa kulia. Alinyongwa mara moja, Vilnius. Urusi ilitumia kalenda ya zamani, na kwa karne ya 19 unaongeza siku 12 kupata tarehe ya kalenda yetu; kwa karne ya 18 unaongeza 11. Mifupa yake ilipatikana 2017 kwenye kilima cha Gediminas, pamoja na ya wenzake, waliofukiwa kwa chokaa mikono imefungwa nyuma. Alitambuliwa kwa pete ya ndoa, ambayo ndani yake imechongwa tarehe kwa kalenda zote mbili: 11 Agosti na 30 Julai 1862. Sonara aliweza kuzipanga kwenye pete. Ninyi mna kurasa mbili.

Na nikiwa kwenye kuandika-andika: kwa nini majina yote yamenyolewa alama za herufi zake? Raclawice, Birzai, Kosciuszko. Baada ya maasi yale, kuanzia 1865 hadi 1904, Urusi ilipiga marufuku kuchapa Kilithuania kwa herufi za Kilatini. Vitabu vilichapwa Prussia, mji wa Tilsit na jirani zake, vikavushwa usiku mgongoni mwa watu walioitwa knygnešiai, wabeba vitabu. Baadhi ya walionaswa walipelekwa Siberia, na wengine walipigwa risasi palepale mpakani. Watu wamebeba magunia karibu miaka 40 kwa ajili ya herufi. Ninyi ł mnayo ndani ya kompyuta na mnaona uvivu kuibofya.

Dawa yake ni ndogo. Mpelekeni mchoraji kwa mhunzi na mti wa mita mbili, akafunge ubapa mwenyewe, kisha aufyekee majani yaliyoota mbele ya ofisi yenu. Mhariri wa historia abandikiwe ukutani tarakimu nne: 1794, 1830, 1863, na 12. Masahihisho nayo msiyafiche chini ya matangazo ya vifo kama mlivyozoea. Sierakowski amekufa mara za kutosha.

Msomaji wenu,
Tanga