Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu wa Kwanza Kwenye Mito ya Nyeri

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati, nawasilisha taarifa ya mwaka uliokwisha, ambao ni wa kwanza tangu mkutano mkuu uamue kwamba chama chetu, ambacho wengi wetu tulijifunzia uvuvi baharini, kianze kuvua kwa burudani katika mito ya Nyeri. Tulifunga safari nne: mbili Thego, moja Sagana na moja Gura. Mito hiyo yote humwaga maji yake Tana, na Tana huingia baharini Kipini, kwa hiyo mwenzetu wa Kipini ana haki ya kudai kwamba tulikuwa tukiyafuata maji ya kwao. Safari ya kwanza tulirudi mikono mitupu, na sina budi kueleza sababu.

Tulimwendea samaki tusiyemjua. Trauti si mwenyeji wa mito hii. Mayai ya trauti wa kahawia yaliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905 na mlowezi Ewart Grogan, yakapandikizwa Gura, na yule mwenye mstari wa waridi ubavuni akaja baadaye. Ni samaki wa maji baridi yanayokwenda kasi, na joto la maji likipita nyuzi 20 huanza kutaabika. Sisi tulipoteza asubuhi nzima kwenye maji ya chini yaliyotulia, kwa sababu tu gari lilifika hapo bila taabu. Naongeza, bila kumtaja mtu, kwamba kamba waliobebwa kwenye barafu kutoka Mombasa hawakumshawishi trauti hata mmoja.

Kosa la pili lilikuwa la miguu yetu. Trauti hukaa ameelekeza kichwa mkondo unakotoka, akingoja chakula kiletwe na maji, hivyo anayemwendea kutoka juu huonekana kabla hajatupa mshipi. Huko Thego mweka hazina alipanda juu ya jiwe, jua likiwa mgongoni mwake, kivuli chake kikatanda juu ya kidimbwi chote, na samaki watatu tuliokuwa tukiwatazama wakapotea chini ya mizizi. Tangu siku hiyo tunapanda mto kutoka chini, tukiwa tumeinama, na kabla ya kufunga ndoana mmoja wetu hugeuza mawe mawili matatu majini. Buu wa wadudu wanaong'ang'ania upande wa chini wa mawe hayo ndio chakula cha trauti, na nzi bandia tunayemfunga, yaani ndoana iliyovikwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu, hulinganishwa nao kwa ukubwa na rangi. Samaki wetu wa kwanza alipatikana kwa njia hiyo, na hakuzidi urefu wa kiganja.

Kuhusu vibali, leseni ya uvuvi inayotolewa chini ya sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 haimpi mtu ruhusa ya kuingia msituni. Sehemu nzuri za mito zimo ndani ya misitu ya Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS) au hifadhi za Huduma ya Wanyamapori ya Kenya (KWS), ambako kuna malipo yake ya kuingia. Safarini Sagana tulikaa langoni saa mbili kwa kuwa kamati haikulijua hilo, nami nawaomba radhi. Humo ndani tembo na nyati hushuka kunywa maji, kwa hiyo hakuna atakayeruhusiwa kuvua peke yake, wala kubaki majini mto unapoanza kugeuka rangi, maana hiyo ni dalili ya mafuriko, hata kama mvua inaonekana iko mbali mlimani.

Hesabu mmegawiwa, na akiba inatosha kununua mabuti ya mpira.

Limebaki pendekezo la kamati: samaki wadogo warudishwe, washikwe kwa mikono iliyolowa, na kijino cha ndoana kibanwe kwa koleo ili itoke bila kuwachana. Baadhi ya wazee wetu wamesema kwamba samaki aliyevuliwa ni kitoweo, na hoja yao naiheshimu, ila vidimbwi tulivyoviona ni vidogo na kikundi kimoja kinaweza kukimaliza kimoja kwa asubuhi moja. Kura itapigwa kabla ya chakula cha mchana, na kila aliyelipa ada ana kura moja.