Mimi siumwi, mwanangu

Wete, Jumatano baada ya alasiri

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, na mimi khasa sijambo, siumwi kichwa wala kidole. Nayatanguliza haya kwa sababu jana nimepewa pole ya maradhi.

Nilikuwa uani nageuza karafuu kwenye jamvi, simu ikalia. Kumbe Abdilahi, mtoto wa mama yako mdogo, yule wa steshenari ya Darajani. "Mama mkubwa, pole sana, mimi sikujua kama uliumwa miaka miwili." Nikamuuliza nani aliyeumwa. Akanyamaza, akakohoa, akaanza kuniuliza habari za bei ya karafuu. Nikambana mpaka akasema: alikuchapishia maelezo binafsi ya kuombea kazi hoteli, na pale palipokuwa na shahada ya pili sasa pameandikwa kuwa miaka ile miwili ulikuwa nyumbani Pemba ukimuuguza mama mzazi. Usimgombeze. Alitaka kunifariji tu.

Zuhura, mimi siumwi, na wala sikuumwa.

Ningekwambia haya kwa simu, lakini kwa simu tukifika kwenye habari ya kazi wewe huniambia mtandao mbaya. Barua utaisoma mpaka mwisho, nakujua.

Nayajua yaliyokufikisha hapo. Skuli ya maandalizi walikwambia umesoma sana, hutodumu na watoto wa miaka minne. Hoteli ya mwanzo wakakwambia wewe si mtu wa mapokezi, wewe ni mtu wa kusomesha chuo, na chuo chenyewe hakijatangaza nafasi. Uliponihadithia ulikuwa unacheka, nami nikajua kuwa usiku wake ulilia. Baba yako siku ile aliingia chumbani hakutoka mpaka magharibi. Kwa hivyo sikulaumu kwa kuchoka. Nakulaumu kwa kunilaza kitandani.

Sasa nisikilize, kwa sababu jambo hili mimi nalijua kwa ndani. Miaka 27 nimekaa masjala, na barua za maombi zilikuwa zinapita mikononi mwangu kabla hazijafika kwa mkubwa yeyote. Nafasi moja ya karani, barua zimejaa kapu. Mkubwa anasema, "Bi Raya, zipunguze." Nazipunguzaje? Naangalia ukurasa wa mwanzo, pale juu, nione kama mtu huyu anaitaka kazi hii au anataka kazi yoyote. Ukurasa wa pili nilikuwa sifiki.

Na aliyesoma kupita nafasi hakataliwi kwa chuki. Anaogopwa. Wanaogopa kuwa atakaa miezi mitatu, akipata pazuri aondoke, wabaki kumfundisha mwengine upya. Wanaogopa atadai mshahara wa cheti chake. Na msimamizi aliyeishia kidato cha nne anaogopa kumuamrisha. Hili la mwisho hawatokwambia hata siku moja, lakini ndilo lililo zito.

Kuna kijana alileta barua, ana shahada, anaomba ukarani. Mwandiko mzuri, vivuli vya vyeti vyote vimegongwa muhuri. Niliandika juu ya jalada lake kwa penseli, "elimu kubwa", nikaliweka chini ya mengine. Alikuja mara tatu kuuliza, na mara zote nilimwambia majina hayajatoka. Mara ya tatu ilikuwa masika, kaja kwa miguu kutoka barabara kuu, viatu vyote tope. Nilimpa maji ya kunywa. Hakuna aliyeniamrisha kuandika yale maneno, penseli ilikuwa yangu. Sijui yuko wapi sasa. Basi, turudi kwenye habari yako.

Hayo maelezo binafsi yako yamekuja kama karafuu zilizotoka mtini sasa hivi. Unajua wewe tunavyochambua: kishada kinakaa kwenye kiganja, unakisokota kwa kiganja cha pili, karafuu zinamwagika huku, makonyo, vile vijiti vyake, yanabaki huku. Makonyo hatuyatupi, yanakwenda kiwanda cha Wawi kukamuliwa mafuta. Lakini ukilipeleka kituo cha kuuzia gunia lililochanganyika unashushwa daraja, hata kama karafuu zako ni nzuri kuliko za jirani.

Hoteli wanataka muhudumu wa mapokezi. Abdilahi nilimlazimisha anisomee tangazo lote: Kiingereza, lugha nyengine ya wageni, kompyuta, kufanya kazi kwa zamu, na uzoefu wa kupokea watu. Sasa tazama ulichowaandikia. Juu kabisa umeweka semina na makongamano ya chuo. Ile miezi minane uliyokaa mapokezi kwenye nyumba ya wageni ya Shangani iko ukurasa wa pili, mstari mmoja, chini ya uanachama wa jumuiya ya wanafunzi! Kitaliano umeandika "kidogo", na mimi nimekusikia kwa masikio yangu ukimuelekeza mzee wa Kitaliano njia ya Forodhani mpaka akakushika mikono yote miwili kwa furaha.

Miezi minane iende juu. Iandike kwa kazi ulizofanya, usiiandike kwa cheo: ulipokea wageni, ulishika funguo, ulipokea fedha za kigeni na jioni ukafunga hesabu bila ya kupungua senti, ulipanga gari za kuwahisha watu boti ya asubuhi. Tumia maneno yale yale ya tangazo, kwa sababu anayepekua anayatafuta hayo. Makongamano yatoe. Tasnifu nayo itoe.

Imenichukua muda kuuandika mstari huo. Tasnifu ile mimi nimo ndani yake, uliniwekea simu mbele ya mdomo mchana kutwa nikikutajia maneno ya wachumaji, na nakala yangu nimeifunga kwenye kanga ndani ya kabati. Lakini meneja wa hoteli haimuhusu. Iache huku kwangu.

Shahada ya pili irudishe. Iweke chini kabisa, penye elimu, mstari mmoja na mwaka wake, bila ya mapambo. Wako watakaokwambia uiondoe. Kutoitaja na kusema uongo ni vitu viwili, hilo nakubali, na mtu mwenye pengo la miezi michache anaweza kunyamaza asiulizwe. Wewe pengo lako la miaka miwili. Wataliuliza tu, na hapo ndipo ulipoanza kunitafutia maradhi.

Na uongo wenyewe hukuushona vizuri. Mdhamini wako wa kwanza ni nani? Abdilahi kanisomea: ni yule mwalimu wa chuo cha Tunguu aliyekusimamia tasnifu. Hoteli wakimpigia simu, wakamuuliza anakujuaje, aseme nini? Mtu mkweli yule, na atasema kweli, nawe utaonekana muongo mbele ya watu wawili kwa mpigo mmoja. Unguja ni mji wa watu wanaojuana. Utakuwa umeshapewa kazi, siku moja mimi nishuke bandarini na kapu langu kichwani, waje kukusalimia wenzako wa kazini waniulize nimeponaje. Unataka niwajibu nini, Zuhura? Mimi kila magharibi namuomba Mola anipe uzima nikuone umetulia, na wewe unanitia ugonjwa kwa kalamu.

Barua ya maombi ndiyo mahala pa kusema. Usiwaache wakisie. Andika kama hivi, maneno utayarekebisha: "Nina shahada ya pili ya Kiswahili, na najua kuwa nafasi hii haiihitaji. Nimesoma masharti ya kazi, zamu na kiwango chake, na naiomba kama ilivyo. Nimewahi kupokea wageni kwa miezi minane na ndiyo kazi niliyoifurahia. Ninaishi Jang'ombe na mdogo wangu anayesoma, na nataka kazi ya kudumu hapa Unguja." Yote hayo ni kweli. Khamis yuko na wewe mpaka amalize kidato cha sita, huendi popote. Sababu ya kweli unayo ndani ya nyumba, ukaenda kukopa ya uongo kwangu.

Wakikuuliza mshahara, taja wa kazi hiyo, usitaje wa cheti. Wakikuuliza utakaa muda gani, usiwaahidi miaka usiyoijua. Na usiombe kama anayeomba sadaka, maana mtu akijishusha sana mwenye kazi naye huingia shaka, anajiuliza huyu kakimbia nini. Serikalini ni mambo mengine. Kule kwenye Zan Ajira, mtandao wa kuombea kazi za serikali, wanataka kila cheti, kivuli cha cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, kwa hivyo kule peleka gunia zima. Nafasi ya kusomesha ikitoka omba, hakuna aliyekukataza.

Jengine nitakwambia hata kama utakasirika. Ukiipata kazi hii, anayekusimamia anaweza kuwa mtoto mdogo kuliko wewe na hajafika ulikofika. Akikwambia panga funguo, panga. Una tabia ya kumrekebisha mtu Kiswahili chake mbele ya watu. Ulimfanyia mjomba wako siku ya harusi, na yeye mpaka leo akija hapa anazungumza kwa tahadhari. Ile kazi ya mwisho waliyokuita kuzungumza, ulinihadithia mwenyewe kuwa uliwaambia tangazo lao lina makosa. Lilikuwa na makosa, sawa. Wao walikuwa wanatafuta mtu wa kukaa naye zamu ya usiku.

Baba yako jana usiku kasema, "Lakini Shangani walimtaka abaki." Nikamwambia azime taa. Ni mimi niliyesema siku ile usibaki, shahada ya kwenda kukaa mapokezi ya nini, na jirani wote walinisikia. Kilo 90 za daraja la kwanza za msimu ule, 14,000 kila kilo, zilikwenda Tunguu zote, na fedha hizo sizijutii, kwa sababu ulirudi hapa ukanikumbusha maneno ya shambani ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kuyasahau. Shangani wameshaajiri mwengine. Nimeuliza.

Sasa fanya hivi. Abdilahi anasema siku ya mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo. Kama bahasha bado unayo, ichane. Kama umeshaipeleka, peleka nyengine kwa mkono wako, waambie ile ina kosa na unaomba hii ikae badala yake. Usiwaeleze zaidi. Abdilahi atakuchapishia bila ya kukutoza, tumeshazungumza. Na kabla hujaipeleka nipigie unisomee, ukurasa wa mwanzo tu, nisikie kilichokuja juu.

Habari za huku ni za kawaida. Bati la jikoni limeanza kuvuja tena pale pale, baba yako kaliziba kwa lami lakini vuli ikianza sijui. Mbuzi yule mweupe kazaa wawili, mmoja nimemuandika wa Khamis akifaulu. Karafuu za juu ya kilima tunamaliza wiki hii. Wachumaji mwaka huu ni wa shida, vijana wengi wamekwenda hotelini Nungwi na Paje, kwa hivyo nimepanda mwenyewe mti mmoja mdogo, baba yako alikasirika. Utaona kuwa mgonjwa wako anapanda miti.

Miwani yangu mguu mmoja umekatika, nimeufunga uzi. Ukipita kwa fundi muulize bei ya kutia mguu tu, usininunulie mipya, na usitume fedha mpaka upate kazi. Baba yako anataka betri za redio, zile nene.

Nakuletea kapu kwa boti ya Jumamosi, nimempa dereva wa gari ya Mkoani, mwambie Khamis aende kulipokea yeye, wewe kaa uandike. Kuna mhogo, ndizi mkono wa tembo, karafuu kidogo za chai, na vitumbua ambavyo vikifika vimelala vipashe moto kwenye kikaango kikavu. Mhogo muule siku ile ile ukifika, haukai. Pemba hatukosi mhogo, lakini huko najua mnanunua kwa mafungu.

Ndani ya kapu mna ndoo ndogo ya achari ya maembe. Kifuniko kimepasuka, nimekifunga kwa kamba, kwa hivyo Khamis asiishike kwa mkono mmoja. Ikimalizika ioshe uirudishe kwa gari hiyo hiyo. Si yangu, ni ya Bi Maryamu, na keshaniuliza mara mbili.

Wasalaam,
Mama yako