Ushuru wa mayai, ushuru wa kahawa

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Kuna msomaji wenu alisema Marekani ikipandisha ushuru wanaolipa ni sisi tunaouza kule. Mimi nauza mayai hapa Busia, naona kasema nusu tu.

Ushuru anaulipa anayeingiza mzigo, yule anayesimama dirishani forodhani na makaratasi. Baada ya hapo ni kuvutana, yeye anataka nipunguze bei, mimi nataka ampandishie mteja wake, na anayeshinda ni yule mwenye pa kwenda. Mayai hayana pa kwenda. Mwaka ule majirani zetu Kenya walipotuwekea ushuru trei zilinirundikia, na joto la Busia mnalijua, wiki ya pili nikawa nauza kwa hasara ili nisitupe, na kuku nao wanakula kila siku hawajui mambo ya ushuru banange. Wauza rolex wa huku, zile chapati za kukunjwa na mayai, walifurahi, ng'ambo Kenya wauza mayai boilo wakalia bei, na usiku njia za panya zikajaa boda, nusu ya mayai yanafika yamepasuka.

Kahawa sasa ni kitu kingine. Mwaka 2025 Marekani iliwapiga Brazil ushuru wa asilimia 50, sisi Uganda 15. Lakini Marekani hailimi kahawa, ukiacha kidogo ya Hawaii, sasa atanunua wapi? Bei ikapanda madukani kwao, watu wakapiga kelele, Novemba hiyohiyo ushuru wa kahawa ukaondolewa. Na yetu nyingi inaenda Ulaya, Italia hasa, so mkulima wa Masaka alikuwa na pa kukimbilia. Lesotho ndio walikuwa kama mimi na mayai yangu, hawana pa kwenda, walitangaziwa 50 mwezi wa Aprili, viwanda vyao vinashona nguo za soko hilohilo la Marekani, hata iliposhushwa kuwa 15 oda zilishakatika na watu washarudishwa nyumbani.

Na sisi je? Mchele wa kutoka nje ya Afrika Mashariki tumeuwekea asilimia 75, sukari 100. Tunalinda mkulima, sawa, wa mchele wa Bugiri ni jirani yangu simnyimi. Ila hiyo 75 halipi Mpakistani anayetuuzia mchele, nalipa mimi pale dukani, na hakuna anayeniambia ni shilingi ngapi. Bajeti ya Juni ikisomwa nyie wa gazeti mtuandikie ushuru kwa kilo, siyo kwa asilimia.

Muuza mayai,
Busia, Uganda